Kopo la Ijumaa

Kazi yangu ni kukata nyama za watu. Nikisema hivyo kwenye harusi, aliyekaa karibu nami huhamisha kiti, kwa hiyo siku hizi nasema tu nafanya kazi hospitali, na watu wananionyesha kucha zao zenye fangasi. Lakini ukweli ni huo. Daktari wa upasuaji akitoa uvimbe, hautupwi. Unatiwa kwenye kopo lenye fomalini, unaletwa kwetu ghorofa ya chini, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na mimi naupasua, nachagua vipande, navigandisha ndani ya nta, kisha navikata vyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umepoteza asubuhi nzima. Vipande hivyo vinalazwa juu ya vioo na kutiwa rangi. Daktari anaviangalia kwa hadubini na kuandika neno moja au mawili, na kwa neno hilo mtu anatibiwa.

Daktari wetu ni mmoja, mama mdogo wa umbo, anayekunywa chai bila sukari na kuongea bila sukari vilevile. Mimi hainisumbui. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja na sidhani kama tumeongea saa nzima tukizijumlisha zote.

Mimi sisomi majina. Kopo lina namba, na karatasi yenye jina inabaki kwa karani. Aliyenifundisha kazi, mzee tuliyemwita Mzee Nta, alisema ukisoma majina mkono utatetemeka, na mkono ukitetemeka kipande kinachanika. Ulikuwa ushauri mzuri. Alinifundisha na mambo mengine.

Alinifundisha, kwa mfano, kwamba Ijumaa baada ya saa tisa hatupasui. Nieleze, maana hapa ndipo kosa lilipo. Nyama ikishatoka mwilini huanza kuharibika papo hapo, na fomalini ndiyo inayozuia. Lakini fomalini haina haraka. Inapenya kama milimita moja kwa saa. Uvimbe mkubwa kama chungwa ukiutumbukiza mzima, nje unahifadhika na katikati unaendelea kuoza kimyakimya. Ndiyo maana unatakiwa uukate slesi kama mkate mara tu unapofika, dawa ipate njia ya kupita. Hili linajulikana. Limebandikwa ukutani maabara, na aliyelibandika ni mimi.

Sasa, juu ya meza ya kupasulia kuna feni ya kuvuta moshi wa fomalini, na Ijumaa saa tisa mafundi wa jengo huizima wakaondoka zao. Bila feni, macho yanawasha na pua inachuruzika. Kwa hiyo makopo ya Ijumaa jioni yalisubiri Jumatatu. Kwenye fomu yetu kuna kisanduku kimeandikwa "Saa ya kupasuliwa", na Mzee Nta alikijaza siku ileile ya Ijumaa, saa tisa na nusu, ili karatasi isikae na tundu. Alipostaafu nikaendelea kujaza hivyohivyo. Mazoea yana taabu.

Ijumaa ninayoisema, kopo lilifika saa tisa na dakika kumi kutoka zahanati moja ya binafsi. Uvimbe wa titi, mkubwa, umezungukwa na mafuta ya manjano. Nikahakikisha kifuniko kimekaza, nikauweka rafu ya pili, nikaandika saa tisa na nusu. Nilikuwa na haraka kwa sababu dada yangu alikuwa amenipigia simu mchana. "Uje leo kabla ya saa kumi na moja," alisema. "Na usiniulize kuna nini."

Dada yangu anashona sare za shule. Ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, kazi ambayo hajaiacha hata leo nikiwa na miaka arobaini na sita. Ananiita "mtoto" mbele ya wateja. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha cherehani lakini hashoni, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, na shemeji yangu, mume wake, amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyenyimwa taarifa.

Alisema yote kwa pumzi moja. Kuna uvimbe aliuona miezi mitatu iliyopita. Asubuhi hiyo ameenda zahanati, umetolewa, amerudi, na chakula kiko mezani.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," shemeji akasema.

"Si ndiyo nimefichua," akasema Dada. "Kaeni mle."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mtu wa maabara, ndugu yake wa tumbo moja. Akanitazama. "Kwa sababu ungeniangalia hivyo unavyoniangalia sasa hivi."

Baadaye, akiniongeza chakula, akauliza walichokitoa wanakipeleka wapi. Nikasema maabara. Akauliza, yako? Nikasema huenda, zahanati nyingi za upande huu zinaleta kwetu. "Basi nina bahati," akasema. Nikala sahani mbili.

Jumatatu saa mbili na robo nilipasua makopo yote ya Ijumaa kwa mpangilio wa namba. Uvimbe wa kopo moja ulikuwa laini katikati kuliko kawaida. Niliendelea na kazi.

Majibu ya kwanza ya Dada yalitoka baada ya siku kumi: ilikuwa saratani. Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi mezani. Majibu ya pili, ya vipokezi, yalichukua wiki tatu zaidi, na Dada alinipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa nyepesi. Kipimo cha vipokezi vya homoni kilikuwa hasi, alisema, na shemeji yangu alikuwa amefurahi sana, kwa sababu katika maisha yake yote kila alipoambiwa hasi zilikuwa habari njema. Alikwishawaambia majirani. Nikaenda Jumamosi kuharibu furaha hiyo.

Niliwakuta sebuleni, redio inaimba. Nikawaeleza kwa namna yangu, maana ile ya kufuli na ufunguo wanayoipenda madaktari siipendi, kila mtu anaitikia na hakuna anayeelewa. Nikasema hivi: seli ya titi ina vipokezi ndani yake, na wewe vichukulie kama viti. Homoni ya kike, estrojeni, inasafiri kwenye damu, inaingia ndani ya seli na kukaa kwenye kiti chake. Ikishakaa, inakwenda na kiti chake mpaka kwenye kiini, mahali yanapotunzwa maagizo yote, na huko inaamsha yale yanayosema kua, gawanyika. Seli yenye afya husikia na kujua pa kukomea. Seli ya saratani haijui pa kukomea. Lakini ikiwa ina vipokezi, bado inategemea lile agizo. Ni mgeni mwenye fujo asiyetaka kuondoka, ila hajui kupika; chakula anangoja kwa mwenyeji.

"Sasa kuna kidonge," nikasema. "Kinawahi kile kiti. Homoni ikija inakuta pamekaliwa. Agizo halifiki, na mgeni anashinda njaa. Unakimeza kila siku, miaka mitano, wengine kumi, na ndicho kinachomzuia asirudi."

"Na hasi?" Dada akauliza.

"Hasi maana yake huyu wako anajipikia. Hana viti. Kidonge hakina pa kukaa."

Shemeji akainuka akazima redio. Dada hakubadilika uso. Akasema baada ya wiki mbili wanaanza kumtia dawa za kemo, na zikiisha ndiyo basi, hakuna kidonge. Akanipa karatasi niisome kama kuna kitu wamesahau kumwambia.

Majina siyajui lakini namba hazinitoki. Ilikuwa 1163, lile kopo la rafu ya pili. Nyuma ya majibu walikuwa wamebana nakala ya fomu yetu, na kwenye kisanduku paliandikwa Ijumaa, saa tisa na nusu, kwa mwandiko wangu. Kwa miaka mingi nimejivunia mwandiko ule kwamba unasomeka.

Nikawaambia kila kitu kiko sawa. Nikatoka nje nikasimama kando ya pipa la taka la jirani. Vipokezi ni kitu dhaifu. Nyama ikichelewa kuhifadhiwa vinaharibika kabla ya vitu vingine, seli zinabaki na sura yake, saratani inaonekana kabisa kwamba ni saratani, ila viti vimekwisha kuoza. Ukivipima unaambiwa havipo. Inawezekana dada yangu hakuwa navyo tangu mwanzo. Na inawezekana alikuwa navyo tele, nikaviozesha mimi kwenye rafu ya pili huku nikila kwake sahani mbili, na sasa atanyimwa kidonge ambacho kingeweza kumweka hai.

Jumatatu asubuhi nilikitoa kioo cha 1163 kabatini nikakiweka kwenye hadubini mwenyewe. Kila kioo cha kipimo hicho tunakiwekea pembeni kipande kidogo cha shahidi, nyama tunayojua ina vipokezi, ili tuone kama rangi imefanya kazi. Shahidi alikuwa wa kahawia safi, hana neno. Uvimbe ulikuwa mweupe. Lakini kandokando ya uvimbe palikuwa na vifereji vya maziwa vya kawaida, vyenye afya, na hivyo kwa mwanamke yeyote lazima viwe na angalau seli chache zenye rangi. Vilikuwa vyeupe pia. Titi zima halina kipokezi hata kimoja, hilo jambo halipo.

Nikampelekea Daktari. Alikaa kwenye hadubini hadi chai yake ikapoa.

"Vifereji vya kawaida havina rangi," akasema.

"Ndiyo, Daktari."

"Na nilisaini."

"Ndiyo."

"Siku hiyo nilisoma vioo arobaini. Hiyo siyo sababu, ni idadi tu." Akavua miwani. "Ulipasua saa ngapi?"

"Imeandikwa saa tisa na nusu."

"Sikukuuliza imeandikwaje."

"Jumatatu," nikasema. "Saa mbili na robo."

Akauliza mabaki ya uvimbe yako wapi. Nikasema mabaki tunayatunza wiki nne, yalichomwa Alhamisi iliyopita. Akasema hata yangekuwepo yangekuwa mabovu vilevile. Kisha akauliza kwa nini leo nimemletea kioo mwenyewe, maana kwa miaka kumi na moja sijawahi. Nikamwambia ni cha dada yangu.

"Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

Akavaa miwani tena akasoma faili. Zahanati walikuwa wameandika kwamba kwapani kuna mtoki umevimba, tezi ambayo saratani ya titi hufika kwanza, hawakuutoa. Ungeweza kuchomwa sindano na kutolewa kipande kipya. "Nitafuta jibu hili," akasema. "Naweza kuandika kwamba kipande hakikufaa kwa kipimo. Ni kweli, na halimtaji mtu. Utakachomwambia dada yako ni juu yako." Hakuniuliza kama ilikuwa Ijumaa hiyo moja tu. Nami sikujitolea kusema.

Kesho yake jioni nikaenda kwa Dada. Alikuwa anashona kola, rundo zima la kola nyeupe, mguu unakanyaga na mkono mmoja unasukuma kitambaa kwa sababu wa pili bado ulikuwa unauma. Nikamwambia kipimo kinarudiwa, watamchoma sindano kwapani Alhamisi, kipande cha kwanza hakikufaa.

"Hakikufaa kwa nini?"

Njiani nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu yenye maneno "changamoto za uhifadhi". Nikaianza.

"Mtoto," akasema, "ongea kama mtu."

Basi nikaongea kama mtu. Nilimwambia kuhusu kopo, feni, rafu ya pili, kisanduku. Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Lilifika saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi."

"Na hapa ulifika saa kumi na nusu. Kupasua kunachukua muda gani?"

"Dakika kumi. Kumi na tano ukiwa mvivu."

"Na macho kuwasha."

"Na macho kuwasha."

"Kwa hiyo uliyahurumia macho yako," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na chini ya aibu kulikuwa na woga, kwamba atakufa na mimi nitabaki najua bei yake ilikuwa dakika kumi na tano. Nikamwambia nisamehe. Akasema suala la kusamehe tutaliangalia akipata nafasi, kwa sasa ana sare sitini za kumaliza.

"Sindano atanichoma nani?"

"Daktari."

"Siyo wewe."

"Siyo mimi."

"Basi nitakuja. Nisogezee hizo kola."

Alhamisi alikuja na shemeji, amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya sherehe. Daktari alimchoma mara tatu. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na kopo wazi mkononi, saa ukutani mbele yangu, na kila kipande kilipotoka kwenye sindano, chembamba kama uzi wa kiatu, kiliingia kwenye fomalini kabla Daktari hajainua kichwa. Nikaandika saa tatu na dakika kumi na mbili. Dada alinyoosha shingo akasoma nilichoandika, akatazama saa ya ukutani, akalala tena.

Daktari aliviweka mbele ya foleni yote, na Ijumaa saa nane mchana vioo vilikuwa tayari. Daktari aliangalia kidogo tu, akasogea pembeni ili nami nione, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Karibu tisa katika kila viini kumi vilikuwa vya kahawia iliyokolea, kama chai ya rangi. Dada yangu alikuwa na viti chungu nzima. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi mpaka nikashika ukingo wa meza. Sikujua kama mtu anaweza kufurahia hivyo habari kwamba saratani ya ndugu yake ina mdomo na inajulikana inachokula.

Daktari alimpigia daktari wa saratani, na mpango ukabadilishwa siku hiyohiyo: kemo ipungue, kisha kidonge, kila siku, miaka kumi. Mimi nikampigia Dada.

"Chanya," nikasema. "Kidonge unapata."

"Haya." Nikasikia anavuta pumzi, halafu anaitoa polepole. "Nimwambieje shemeji yako? Wiki hii tu amejifunza kwamba hasi ni mbaya."

"Mwambie chanya ni nzuri."

"Atachanganyikiwa." Kisha akaita, "Mtoto."

"Naam."

"Mwaka una Ijumaa ngapi?"

Nikajua mara moja anakokwenda, maana ni yeye aliyenifundisha hesabu za kuzidisha. "Hamsini na mbili," nikasema.

"Na hivyo vipokezi mmeanza kuvipima lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Wako wa Ijumaa waliopata hasi?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Sijui, Dada."

"Hao hawana mdogo wao pale maabara."

"Hapana."

"Kesho unafanya nini?"

"Kesho Jumamosi. Napumzika."

"Hupumziki," akasema, akakata simu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Daktari. Sikuwahi kufika kwake. Nilimkuta anamwagilia maua kwenye makopo ya rangi. Nikamwambia haikuwa Ijumaa moja. Ni zote, tangu Mzee Nta. Aliendelea kumwagilia kopo moja mpaka maji yakafurika.

"Nilitaka kukuuliza Jumatatu ile," akasema.

"Mbona hukuniuliza?"

"Kwa sababu ningejua." Akaweka ndoo chini. "Nilikuwa na siku tano za kutojua. Zimeisha. Subiri nichukue funguo za kabati."

Ilituchukua Jumamosi tatu. Mimi nilikuwa natoa vioo, yeye anasoma, haangalii uvimbe tena, anatafuta vifereji vya maziwa tu. Hasi za Ijumaa, ukiacha ya Dada, zilikuwa thelathini na nne. Kwa ishirini na tano vifereji vilikuwa na rangi yake, yaani fomalini iliwahi na jibu lilikuwa la kweli, hao hatukuwadhulumu. Kwa tisa, kila kitu kilikuwa cheupe. Karani akatafuta mafaili. Wawili kati ya tisa walikuwa wameshafariki. Hakuna anayeweza kusema kama kidonge kingewaweka hai. Maneno hayo ni ya Daktari, na hakuyasema ili kunituliza.

Alimwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili, ya kwanza kuhusu yeye, ya pili kuhusu mimi. Nikapewa onyo la maandishi na kuondolewa meza ya kupasulia kwa miezi mitatu. Siku hizo niliosha vioo. Feni sasa inazimwa saa mbili usiku. Kilichohitajika kilikuwa ni mtu kwenda kwa mafundi wa jengo na kuwaomba. Nilikwenda mimi. Walisema, "Sawa," na mmoja akauliza kwa nini hatukusema siku zote.

Mkurugenzi alitaka hao saba waliobaki waandikiwe barua. Daktari akasema mtu haambiwi jambo kama hili na bahasha. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaweka simu katikati ya meza. "Mimi nitawaeleza habari ya dawa," akasema. "Ya kopo utawaeleza wewe. Anza."

Wa kwanza kwenye orodha ni mpishi wa shule moja ya bweni, aliyetolewa uvimbe miaka mitatu nyuma. Alipokea haraka. Nyuma yake maji yalikuwa yanamiminika kwenye sufuria kubwa na mtu anagonga mwiko. Nilimwambia mimi ni nani, na kwamba kipimo chake cha vipokezi kiliharibika, na aliyekiharibu ni mimi, kwa kuacha kuupasua uvimbe wake Ijumaa na kuandika kwamba nimeupasua. Nikamwambia kuna kidonge ambacho huenda kilimfaa na hakupewa, huenda pia hakimfai, hatujui, tunamwomba aje tupime upya kinachoweza kupimika.

"Miaka mitatu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mmekaa nalo miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Sasa leo mmejuaje?"

Nilimtazama Daktari. Alikuwa anaangalia kikombe chake. Kulikuwa na majibu mengi ya kuchagua, ya ukaguzi wa ndani, ya kuboresha huduma, na yote yangepita.

"Safari hii kopo lilikuwa la dada yangu," nikasema.

Yule mama alimwambia mtu afunge bomba. Maji yakakoma. Nikangoja anitukane, na nilikuwa tayari, nilikuwa hata nahitaji.

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Ameanza matibabu. Kidonge chake atakipata."

"Mwambie namshukuru," akasema. "Bila yeye usingenipigia."

Nikasema nitamwambia. Mimi hakunishukuru wala hakunitukana. Aliuliza tu aje lini, na kama anaweza kuja asubuhi na mapema, kabla watoto hawajataka chakula.